Uliyoisikia si kanuni, ni kora: anza kusikiliza dole gumba la kushoto

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Tanga, nimekulia kwenye nyumba ya taarabu na mjomba wangu ni mpiga fidla. Juzi rafiki alinitumia muziki wa watu wawili. Mmoja anapiga selo, mwingine anapiga kitu nilichodhani ni kanuni, kile chombo cha nyuzi cha taarabu, ila kina besi nzito, na nilihisi wapigaji wake ni zaidi ya mmoja. Jina nililoliona ni Ballaké Sissoko. Hiki ni chombo gani, na nikitaka kukifahamu nianzie wapi? Mtu mmoja ameniambia muziki wa mseto wa namna hii huharibu vyombo vya asili. Je, ni kweli? Na kinaweza kukaa pamoja na taarabu yetu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ulichokisikia ni kora, chombo cha Wamandinka na ndugu zao wa jamii ya Wamande huko Gambia, Casamance ya Senegali, Mali, Guinea na Guinea-Bissau. Ballaké Sissoko ni mpiga kora wa Bamako, na huyo wa selo bila shaka ni Mfaransa Vincent Segal. Walitoa albamu ya Chamber Music mwaka 2009, waliyoirekodi Bamako kwenye studio ya Salif Keita, kisha wakatoa Musique de Nuit mwaka 2015. Rafiki yako amekuanzisha pazuri sana. Nitaeleza baadaye kwa nini selo inaivaa kora vizuri kuliko vyombo vingi.

Kudhani ni kanuni si kosa kubwa. Zote mbili hudonolewa, na sauti zake za juu zina ule mng'ao wa maji. Lakini kanuni hulazwa mapajani, mpigaji akavaa pete zenye ncha kwenye vidole vya shahada. Kora husimama mbele ya mpigaji, naye huidonoa kwa vidole vitupu. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70 zilizofungwa tatu tatu kwa kila noti. Kora ina nyuzi 21 tu, na kila uzi una noti yake. Ipo tofauti nyingine iliyo kubwa kuliko hizo, inayohusu vile vikope vidogo vya chuma vilivyo chini ya nyuzi za kanuni. Hiyo ndiyo itakayojibu swali lako la mseto, nitaifikia.

Kwanza umbo lake. Chukua buyu kubwa, likate nusu, liwambe ngozi ya ng'ombe ingali mbichi, ikaukie hapohapo na kukaza. Shingo ndefu ya mti mgumu hupita ndani ya buyu na kutokeza upande wa pili, ambako nyuzi zote hufungwa kwenye pete ya chuma. Juu ya ngozi husimama daraja refu la mbao. Halikugandishwa kwa gundi. Linakaa mahali pake kwa nguvu ya nyuzi zinazolikandamiza. Mbavuni mwa daraja hilo kuna mapengo madogomadogo, na nyuzi hupita humo kwa safu mbili, 11 mkono wa kushoto na 10 mkono wa kulia. Vijiti viwili vimechomekwa kwenye ngozi ili mpigaji avishike kwa vidole vitatu vya mwisho vya kila mkono. Dole gumba na kidole cha shahada ndivyo vinavyobaki huru. Kwa hiyo sauti zote zile zilizokufanya udhani ni watu wengi hutoka kwenye vidole vinne.

Ukibahatika kuiona jukwaani utashangaa kwamba watazamaji wanaona mgongo wa buyu, na nyuzi zinamtazama mpigaji mwenyewe. Zamani nyuzi zilikuwa za ngozi ya swala iliyosokotwa. Leo ni nailoni, mshipi uleule wa wavuvi wa huko kwenu, wa unene mbalimbali. Juu shingoni kila uzi hufungwa kwa pete ya ngozi iliyosukwa, iitwayo konso, na kulinganisha noti ni kuisukuma pete hiyo juu au chini kwa nguvu za mkono. Wapigaji wengi wa sasa wameweka vigingi au funguo za gitaa. Watawa Wabenedikto wa Keur Moussa huko Senegali, wanaotumia kora kanisani, ni miongoni mwa waliotangulia kutengeneza kora za vigingi.

Usiichanganye na nyatiti ya Wajaluo au litungu ya Wabukusu, ambazo zina mikono miwili na mti wa kukingama juu yake. Kora ina shingo moja kama udi, ila nyuzi zake zimesimama juu ya ngozi kama za kinubi. Imeunganisha familia mbili za vyombo.

Sasa tuje kwenye vidole vinne, maana hapo ndipo ninapotaka ukae muda mrefu.

Nyuzi nne nene za chini kabisa zote ziko upande wa kushoto, na ni mali ya dole gumba la kushoto. Hilo ndilo besi. Kuanzia hapo kwenda juu, karibu noti zote zinabadilishana upande: moja kulia, moja kushoto, moja kulia. Ndiyo maana mpigaji anaweza kumwaga noti za kushuka kwa kasi ya ajabu bila kuhangaika, kwa sababu mikono inapokezana kila noti. Dole gumba la kulia hujaza katikati. Vidole vya shahada hupanda juu kupamba na kujibu. Ukisikiliza muziki wa dansi wetu umezoea gitaa la besi, la rithimu na la solo, kila moja na mtu wake. Kwenye kora, kazi hizo tatu ziko kwa mtu mmoja.

Wenyewe wana majina ya mambo haya. Mzunguko unaojirudia, unaobeba wimbo kuanzia mwanzo hadi mwisho, huitwa kumbengo. Mmiminiko wa noti za haraka unaokatiza katikati ya mzunguko huo huitwa birimintingo. Mgeni huvutiwa na birimintingo, na ni haki yake, inapendeza. Mpiga kora mwenzake atamhukumu kwa kumbengo: je, dole gumba linaendelea kusema kweli wakati vidole vya shahada vimekwenda mbali? Anayeweza kumwaga noti mia na besi isitikisike, huyo ndiye bingwa.

Kwa hiyo nianzie wapi, unauliza. Anza na masikio mawili na spika za masikioni. Usisikilize kora kwenye spika ya simu. Spika ile ndogo inaua nyuzi nne za chini, na ukizikosa hizo umepoteza theluthi ya chombo. Chagua wimbo mmoja tu, na mara ya kwanza usifuate kitu kingine chochote isipokuwa besi. Uimbe mdomoni. Mara ya pili fuata katikati. Vidole vya juu viache vya mwisho, vitakuja vyenyewe.

Rekodi ninayompa kila mwanafunzi ni Kaira ya Toumani Diabaté, iliyotoka mwaka 1988. Ni kora peke yake. Hakuna mwimbaji, hakuna ngoma, hakuna kurekodi mara ya pili juu ya mara ya kwanza. Toumani alizaliwa mwaka 1965 na kufariki Bamako Julai 2024, na msiba wake uliniuma, kwa sababu ndiye aliyewafanya watu wa mbali waache kuisikia kora kama kisindikizo cha mwimbaji. Baba yake, Sidiki Diabaté, alikuwa gwiji wa chombo hiki hata kabla ya Mali kupata uhuru.

Na jambo la kufurahisha ni kwamba mwaka huohuo wa 1988 Toumani alitoa pia Songhai, pamoja na kundi la flamenko la Ketama kutoka Hispania na mpiga besi Mwingereza Danny Thompson. Zisikilize albamu hizi mbili kwa kufuatana. Mkono ni uleule, umri ni uleule, na kwenye moja yuko peke yake, kwenye nyingine yuko kati ya magitaa na makofi ya Wahispania. Utaona alichoacha na alichokataa kuacha. Hakuna darasa la mseto bora kuliko hilo.

Tukirudi kwenye vikope vya kanuni. Mpiga kanuni akitaka kuhama maqamu, yaani mpangilio wa noti za wimbo, katikati ya wimbo, anainua au kushusha kikope na uzi unabadilika noti. Kora ya asili haina kitu hicho. Imelinganishwa kwenye noti saba, na hadi wimbo uishe ina noti hizohizo saba tu, za chini, za kati na za juu. Wamandinka wana mipangilio inayojulikana kwa majina: tomora ba, ambayo wengine huiita silaba, tomora mesengo, hardino na sauta. Hardino iko karibu na skeli kuu ya kizungu. Sauta hupandisha noti ya nne. Katika mipangilio ya zamani baadhi ya noti hukaa juu kidogo au chini kidogo ya pale piano inapoziweka, na mzee wa kijijini hatakubali kumwambia mwanawe kwamba piano ndiyo yenye haki.

Kwa hiyo kila kora inapokutana na chombo cha ugenini, kuna jambo la kuamuliwa kabla ya noti ya kwanza: nani atamfuata nani? Hapo ndipo mseto unapopatia au kukosea, na ndipo ninapolipima jambo ulilosimuliwa kwamba mseto huharibu vyombo vya asili.

Selo haina vitenga noti kwenye shingo. Segal anaweza kuweka kidole popote, akaifuata kora hata kwenye noti zisizokuwapo kwenye piano. Mara nyingi hata upinde hautumii; hudonoa nyuzi, hukaa chini ya kora, humwachia Ballaké nafasi ya kupumua. Kinubi kikubwa cha Catrin Finch wa Wales kina nyuzi 47 na pedali za kubadili noti kwa mguu. Kwa hiyo alipokutana na Seckou Keita wa Casamance kwenye albamu ya Clychau Dibon ya mwaka 2013, yeye ndiye aliyekuwa na uwezo wa kusogea, na akasogea. Keita naye hakukaa tu. Hupiga kora ya nyuzi 22, kama ilivyo desturi ya kwao kusini, na ana kora ya shingo mbili inayomwezesha kuwa na mipangilio miwili ya noti kwa pamoja. Mafundi wengine wa sasa wanaweka vikope vya kinubi kwenye kora. Mimi siwapingi, mradi buyu na ngozi vinaendelea kutoa sauti yake.

Ali Farka Touré wa Niafunké nchini Mali, mpiga gitaa, alipokaa na Toumani kwenye Hoteli Mandé ya Bamako kurekodi In the Heart of the Moon, iliyotoka mwaka 2005, alifanya jambo ambalo wapiga gitaa wakubwa wachache wangelikubali: alishika mzunguko tu, akaurudia, akamwachia kijana mbele. Albamu hiyo ilipata tuzo ya Grammy Februari 2006, na Ali akafariki mwezi uliofuata. Mjomba wako akiwa na nafasi ya kusikiliza albamu moja tu kati ya zote ninazozitaja, iwe hiyo. Watu wa taarabu wanajua thamani ya mtu anayejua kungoja.

Upande wa ngoma za kuchezwa, Mory Kanté wa Guinea alitoa Yéké Yéké mwaka 1987, ukauza zaidi ya nakala milioni, na hutajwa kuwa wimbo wa kwanza wa Kiafrika kufika hapo. Kora iko pale, kati ya sinthesaiza na tarumbeta, nayo inasikika. Ninaupenda wimbo huo na ninaucheza. Kama shule ya kora haufai, kwa sababu kazi ya besi imechukuliwa na mashine. Foday Musa Suso wa Gambia, aliyehamia Marekani, alitoa Village Life na mpiga piano Herbie Hancock mwaka 1985, wawili tu. Hiyo ni ya kusikilizwa ukishazoea, uone mtu wa jazi akijitahidi kuingia kwenye noti saba.

Basi ndiyo, upo mseto unaoharibu, na huyo aliyekuambia hakutunga. Utautambua hivi: fundi wa studio ameziondoa nyuzi nne za chini ili gitaa la besi lipate nafasi, amebakiza vidole vya juu vikimetameta juu ya mdundo wa kompyuta, na mduara huohuo mfupi umenakiliwa kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Pia utakuta ule mvumo umefutwa. Wapigaji wa jadi huchomeka kwenye daraja kibati chenye vipete vidogo ili sauti itetereke na kuvuma, kama wapiga marimba wetu wanavyoweka vitu vya kutetemesha sauti. Wahandisi wasiojua huuona mvumo huo ni uchafu. Kora iliyokatwa dole gumba na kufutwa mvumo imebaki pambo. Lawama iko kwa aliyekata. Kukutana kwenyewe hakuna kosa.

Na asikudanganye mtu kwamba zamani kora ilikuwa kitu kimoja kisichosogea. Mskoti Mungo Park, katika kitabu chake cha safari kilichochapishwa mwaka 1799, anaitaja korro yenye nyuzi 18. Masimulizi ya Wamandinka yanasema mpigaji wa kwanza, Jali Mady Wuleng, alipewa kora na jini, na kwamba ilikuwa na nyuzi 22. Alipokufa, uzi mmoja uliondolewa kumheshimu. Ngozi ikawa nailoni, pete zikawa vigingi. Waliobadilisha mengi ya haya walikuwa wenye chombo wenyewe.

Hao wenyewe ni lazima uwajue. Kora ni urithi wa koo za wajeli, ambao Wafaransa waliwaita griot: kina Kouyaté, Diabaté, Sissoko au Cissokho, Suso, Konté, Jobarteh. Kazi yao ni kuhifadhi nasaba, kusifu, kupatanisha, kukumbusha watawala walikotoka. Nyimbo nyingi za kora ni za mtu fulani au ukoo fulani, kwa hiyo ukijifunza wimbo uliza ni wa nani. Kwa karne nyingi kora ilipigwa na wanaume. Wanawake wa koo hizo waliimba. Sona Jobarteh, aliyezaliwa London mwaka 1983 katika ukoo wa Jobarteh, ndiye mwanamke wa kwanza wa koo za wajeli kupata jina kubwa duniani kwa kupiga kora. Leo ana shule Gambia inayofundisha watoto masomo ya kawaida pamoja na muziki wao. Sikiliza albamu yake Fasiya ya mwaka 2011. Na wewe usiye wa ukoo huo hukatazwi. Wapiga kora wasio Wamandinka ni wengi, na Derek Gripper wa Afrika Kusini amezihamishia nyimbo za Toumani kwenye gitaa moja, kazi iliyonifanya nivue kofia.

Kuna rekodi moja inayogusa nchi yetu moja kwa moja. Mpiga banjo Mmarekani Béla Fleck alizunguka Uganda, Tanzania, Gambia na Mali akitafuta asili ya banjo, na albamu ya safari hiyo, Throw Down Your Heart, ilitoka mwaka 2009. Humo yumo Mtanzania Anania Ngoliga na ilimba yake, ile marimba ya kupigwa kwa madole gumba, na yumo Toumani na kora yake. Sikiliza jinsi dole gumba la mpiga ilimba linavyobeba mzunguko na utaacha kuiona kora kama kitu cha mbali.

Ukitaka kununua, epuka kora ndogo za mapambo zinazouzwa kwa watalii: daraja limegundishwa, nyuzi zote ni za unene mmoja, nazo hazitalingana hata siku moja. Kwa mwanafunzi aliye mbali na mwalimu ningechagua ya funguo za gitaa, kwa sababu pete za ngozi zinataka mkono uliokomaa. Unyevu wa pwani utalegeza ngozi na kushusha noti, kwa hiyo ilinganishe kila unapoanza na usiiache karibu na dirisha la baharini. Mkiisafirisha, lindeni daraja na buyu. Vyote viwili havivumilii kugongwa.

Kuhusu taarabu: inawezekana, kwa masharti. Chagueni wimbo unaokaa kwenye maqamu moja bila kuhama. Linganisheni kora kwa noti saba za wimbo huo kabla ya kuanza, na jipeni muda, maana nyuzi ni 21. Kora ya kawaida huweka noti ya msingi kwenye ile iitwayo F kwenye piano, basi mwimbaji naye akubali kukaa hapo. Kinanda kisubiri kwanza, kwa kuwa noti zake zimefungwa kiwandani na hazimsogelei mtu. Fidla ndiyo ianze, kwa sababu ileile ya selo. Mjomba aweke upinde chini, adonoe kumbengo pamoja na dole gumba lako la kushoto mpaka noti zenu zikae mahali pamoja, halafu ndipo ashike upinde aingie juu.